Taa za Breki

Muuza spea aliinua balbu iliyochomolewa kwenye gari la Mbaruku, akaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, akaitazama kwa jicho moja.

“Hii ni ya waya moja, Mzee Mbaruku. Taa ya nyuma itawaka, lakini ukikanyaga breki hakuna kitu. Si nilikwambia uje na ile iliyoungua tulinganishe? Wewe ukachagua kwa macho, ukailazimisha iingie.”

Mbaruku alitoa pesa. Alichukua mbili za waya mbili, akaenda kuzifunga nje ya geti lake, pale pale alipofunga breki ghafla wiki mbili zilizopita, na kijana wa jirani akaligonga gari kwa nyuma na pikipiki yake. Walimzika kesho yake.

Alipomaliza aliingia garini, akakanyaga. Kazi hii inataka mtu wa kusimama nyuma aseme kama zimewaka, na mtaa mzima ulikuwa umeacha kumsalimia.

“Jamani, hakuna mtu hapo?”

Kwenye kioo akamwona Bi Zamda, mama wa kijana, akitoka kwake na kanga kichwani. Alikuja akasimama nyuma ya gari, karibu kabisa na bampa.

“Achia,” alisema.

Mbaruku akaachia.

“Kanyaga.”

Akakanyaga.

“Zinawaka,” alisema Bi Zamda. “Zinawaka vizuri sana.”

Hakuondoka. Mguu wa Mbaruku ulianza kutetemeka juu ya breki, na kwenye kioo wekundu ukawa unakuja na kupotea usoni mwa yule mama.