Kikohozi cha Baba Mkwe

Ikupa aliyasoma marekebisho tena, macho yakimuuma. Kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, programu moja ilikuwa inapewa sehemu ya kumbukumbu kabla nyingine haijamaliza kuitumia, mashine zinazima. Mwenzake wa kazi aliyeko Dar alikuwa amerekebisha: sasa ya pili isubiri ya kwanza itoke.

Alikuwa hoi. Akaandika, "Safi, yapite," akatuma.

"Mwanangu, baba yako analowa huko nje," mama mkwe aliita kutoka jikoni. "Alishakohoa, hukusikia."

Kwa mila yao, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso; anayetaka kuingia hukohoa, aliye ndani ampishe. Ikupa akachomoka kwa mlango wa nyuma hadi jikoni, kompyuta akaiacha mezani sebuleni.

Kutoka jikoni aliziona buti za mzee, bado palepale chini ya mgomba, maji yakizijaa.

"Mbona haingii?"

"Nani kamwambia umetoka?"

Ikupa akaganda. Hata kwenye yale marekebisho, anayetoka hamwambii anayesubiri. Programu ya pili ingesubiri milele, na yeye ameshaandika yapite.

Mama mkwe akapaza sauti, mzee akaingia sebuleni.

Ikupa akasimama nje ya mlango wa sebule, mvua ikimpiga mgongoni, akakohoa ili apishwe aifikie kompyuta.

Ndani, mzee akafungulia redio.