Na Wengineo

Mahali pa jina la baba yake, mswada ulisema "na wengineo".

Mhazili alirudia ukurasa wa nne, asiamini macho yake. Hii ndiyo historia ya Shule ya Utawala wa Umma, miaka arobaini ya chuo kikuu kizima kujivunia, na eti iliasisiwa na Mkuu wa sasa na wengineo. Wengineo! Baba yake ndiye aliyeandika mtaala wa kwanza kwa mkono, kwenye meza ya chakula, yeye akimchongea penseli.

Akaingia kwa Mkuu bila kubisha hodi.

Mkuu alikuwa akila karanga, maganda yametapakaa mezani. Akalamba kidole gumba, akafunua mswada. Hata kile kidole kilimtia kinyaa.

"Jina la marehemu baba liko wapi?"

"Mwanangu, liache hilo."

"Mlimla nyama akiwa hai, sasa mnaguguna mifupa?"

Mkuu akatazama dirishani. "Kitabu kinakwenda kiwandani kuchapwa saa sita. Mzee mwenyewe asingetaka makelele."

Asingetaka! Kweli, baba hakuwa mtu wa makelele. Aliacha kazi mapema, akafuga kuku, na taarifa ya habari ikianza tu alizima redio. Lakini upole wa mtu si ruhusa ya kumwibia. Kama ni wizi, leo utaanikwa juani, na kitabu hakiendi popote.

Akashuka masijala. Mtunza majalada, shoga yake wa miaka mingi, akamtolea jalada la uanzilishi.

"Ukipata la kumvua nguo, niite nicheke."

Saa tano na nusu. Akafunua karatasi moja moja. Kila palipokuwa na jina la baba, palikatwa kwa wino mwekundu, mstari umenyooka, bila haya. Karatasi ya mwisho ilikuwa barua kwa Mkuu, na mwandiko aliujua tangu utoto.

"Ndugu yangu, jina langu nimelikata mwenyewe, nanyi msiliandike popote. Wakiuliza nani mwanzilishi, nisitiri, jitaje wewe. Darasa langu la kwanza lilikuwa na watu arobaini. Leo ndio mawaziri, makatibu na wakurugenzi, na nchi wanaitafuna mchana kweupe. Somo la uadilifu niliwafundisha mimi. Wote walifaulu."