Picha ya Siku Jua Lilipopatwa

Kuluthumu, mwalimu wa jiografia, aliikuta picha hiyo ndani ya sanduku la mama mkubwa, Tabora. Pichani, mama yake mzazi alikuwa ameketi uani chini ya mwarobaini, na juu ya gauni lake jeupe mwanga uliopenya majani ulikuwa umechora hilali nyingi ndogondogo.

Mwanga huchora hivyo jua linapopatwa tu, na kivuli kifupi cha kiti kilionyesha ni adhuhuri. Miaka hiyo jua lilipatwa adhuhuri siku moja tu: Septemba mosi, 2016. Lakini Julai ya mwaka huo mama mkubwa alimpigia simu chuoni kumwambia mama amefariki na wameshazika.

"Mama mkubwa, hapa mama alikuwa hai."

Mama mkubwa aliitupia picha jicho, akaendelea kupepeta mchele.

"Alirukwa na akili, mwanangu. Nani angekuoa? Tukampeleka Usinge, akae kwa watu."

"Na lile kaburi ninalolipalilia kila mwaka?"

"La mtu tu."

"Kwa hiyo yuko Usinge?"

"Tumemzika mwezi uliopita," mama mkubwa alisema, akipuliza pumba. "Mpaka siku ya mwisho alikuwa anakuulizia."