Mechi Asiyotakiwa Kuiona

Gari la polisi lilipochomoza kwenye kona, Kulesza akajirusha mtaroni. Theluji ikamwingia shingoni, mikononi, mpaka ndani ya buti. Akalala kimya kama gunia hadi mlio ukapotea.

Akainuka anatukana. Basi la Wólka halikuja, barabara nyeupe tupu, na mechi karibu inaanza.

Jana mwanawe Tymek alimpigia simu.

"Baba, kesho nadaka mimi. Kipa mkubwa kavunjika kidole."

"Nakuja."

"Utakujaje? Si saa ya mechi unakuwa kule?"

"We daka tu. Ya kule niachie mimi."

Msimu mzima kijana alikuwa anasugua benchi la Orkan, timu ya daraja la tano ambayo hata mbwa wa mji wao hawaifuati ugenini. Leo ndiyo leo. Kulesza aliapa ataiona, ingawa akibambwa yamekwisha yote: kazi, heshima, na nyumbani mke hatamsemesha mpaka Pasaka.

Gari la mikate likasimama. Dereva alikuwa mama mnene, kofia ya manyoya imemfunika hadi nyusi.

"Panda, mwanangu, kabla hujawa sanamu. Unaenda wapi na baridi hii?"

"Wólka, mama. Mpirani."

"Shabiki wetu wa Iskra?"

"Orkan. Mwanangu anadaka leo, mara ya kwanza."

"Maskini! Basi kaa huko nyuma na mikate iliyochacha." Akacheka mwenyewe mpaka gari likayumba. Jina lake Genowefa, na tangu mumewe afariki hakuwahi kukosa mechi ya nyumbani. "Sasa mbona umejifunika hivyo? Umeiba kuku?"

Kulesza akashusha skafu kidogo. "Sitakiwi kuonekana. Saa hizi natakiwa niwe kituo cha polisi."

Genowefa akapunguza mwendo. "Ngoja kwanza. Mwaka jana kuna mhuni wa Orkan alimrushia refa kiti. Mahakama ikamfungia mpira. Timu yake ikicheza, yeye anakaa polisi mpaka mechi iishe, anasaini, ndo anaachiwa."

"Ndo habari yenyewe hiyo."

"Yesu wangu, nimebeba jambazi!" Macho yakamng'aa kwa raha. "Kiti kizima?"

"Si mimi niliyerusha."

"Wote ndivyo mnavyosema. Haya, kukoje huko?"

"Chumba kama friji, hita ilishakufa. Tunakaa wawili, mimi na yule jamaa, tunatazamana kama mtu na mkewe waliogombana. Msimu huu sijaona mechi hata moja."

"Na leo umemtorokaje?"

"Sijamuaga."

Genowefa akampiga bega, akakanyaga mafuta.

Wólka walikuta wazee wanafagia mistari ya uwanja kwa mifagio ya nyumbani. Mpira wa rangi ya chungwa, watazamaji wachache wanarukaruka kama wanakanyaga moto, soseji zinafuka moshi kwenye pipa. Genowefa akanunua mbili, akasimama ubavuni mwa Kulesza. Alisema anamlinda jambazi wake.

"Yule fito golini ndiye wako? Leo ataokota mipira nyavuni mpaka kiuno kimtoke."

Hakuokota hata mmoja. Alidaka, akapangua, akaanguka uso kwenye theluji na kuinuka mweupe kama mwokaji. Kulesza alikuwa anauma skafu asipige kelele. Kipindi cha kwanza kikapita hivyo.

Cha pili kikiwa kimekolea, Iskra wakapewa penalti.

"Pole, mwanangu," Genowefa akasema, tena safari hii hakucheka.

Mshambuliaji akapiga chini, kona ya kushoto. Tymek akaruka, akautoa kwa ncha za vidole.

Kulesza akasahau kila kitu. Skafu ikaruka, kofia ikaruka. "Huyo mwanangu! Hiyo damu yangu hiyo!"

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Getini mtu mmoja aliyekuwa ndio anaingia naye akageuka. Mabega mapana, koti limejaa theluji, anahema. Akamkazia macho Kulesza, asipepese.

Kulesza akaokota skafu, akajifunika tena mpaka puani.

"Nani yule?" Genowefa akanong'ona.

"Ni yeye. Yule ninayekaa naye."

"Umekwisha! Inama, pita nyuma yangu."

Lakini jamaa alishaanza kuja, anakata theluji moja kwa moja, watu wanampisha. Kulesza akatafuta pa kukimbilia. Upande mmoja uzio, upande mwingine pipa la soseji. Genowefa akajitokeza mbele, mikono kiunoni, kijiti cha soseji bado mdomoni.

"Mwache, afande!" akafoka. "Ndiyo, ametoroka, nimemleta mimi! Mtoto wake anadaka leo kwa mara ya kwanza. We huna mtoto? Kama ni kukamata, anza na mimi!"

Jamaa akamtazama yule mama, akaduwaa. Akamtazama Kulesza. Akavua kofia taratibu, kama mtu aliyeingia kanisani.

"Sajini," akasema, "nimegonga ule mlango wa kituo mpaka vidole vimekufa ganzi. Sasa leo nisaini wapi?"