Kobe Angoja Kubishiwa

Desturi ya wanyama wa bonde lile ilikuwa hivi: mzee akisimulia ya zamani, wa rika lake hukaa karibu wamkatize anapotia chumvi. Kobe akaishi mno, mpaka wa rika lake wote wakaisha.

Siku moja akajiwa na Kasuku, asiyesahau neno.

"Shikamoo, babu. Nisimulie ule moto mkubwa, nami nikawasimulie wenzangu."

"Marahaba. Siku ile nilikimbia mbele ya wote," akasema Kobe, kisha kwa mazoea akanyamaza, akatega sikio.

"Nilikimbia mbele ya wote," akarudia Kasuku. "Endelea, babu."

"Nikampita Swala."

"Nikampita Swala."

"Nikambeba Nyati mgongoni, nikamvusha mto!" Kobe akapaza sauti.

"Makubwa hayo, babu!"

"Hubishi?"

"Nibishe nini, nami sikuwepo?"

Kasuku akashukuru, akaruka zake. Punde Kobe akasikia bonde zima likishangilia. Akaingiza kichwa gambani.

"Nyati," akaita polepole, "wewe ndiye uliyenibeba. Niambie basi kwamba naongopa."