Ubeti wa Kwanza

"Nimeinunua kwa hela yangu, mwanangu," mama alimwambia fundi redio wa Kihesa, akiweka kaseti ya kwaya mezani. "Nataka tu iingie kwenye simu."

"Watu wa hakimiliki wamekataza kunakili, mama. Juzi wamenibebea kompyuta. Labda mwimbaji mwenyewe aruhusu."

"Mwimbaji ni Anjela wangu. Tumemzika Tosamaganga."

Fundi aliunganisha simu ya mama na redio kwa waya, akatia kaseti, akaiwasha.

Sauti ya msichana ikajaa kibandani. Kabla ya kupandisha wimbo alivuta pumzi kidogo, na mama naye akavuta pamoja naye, macho ameyafumba.

Kidole cha fundi kilikuwa bado kinaning'inia juu ya alama nyekundu ya kurekodi kwenye simu. Aligeuka kwanza, akachungulia barabarani kama kuna mtu anakuja.

Kabla hajabonyeza, ghafla sauti ikawa nzito kama ya mwanamume, ikakatika. Alipofungua redio, utepe ulikuwa umejisokota kwenye magurudumu, umechanika vipande vipande.

Mama hakulia.

"Huo ubeti mmoja ulioingia unanitosha," alisema, akanyoosha mkono apewe simu yake.