Rangi ya Njano Kwenye Boliti

Chizuru alipofungua difu, sanduku la gia kati ya magurudumu ya nyuma, ya lile gari la mbio lililopinduka kaka yake akiwa usukani, alikuta sahani mbili laini zimelaliana. Ilipaswa moja iwe laini na inayofuata ya kukwaruza, hivyo hivyo hadi mwisho, ili magurudumu ya nyuma yavute pamoja kwenye kona.

Kumbe kaka yake hakukosea kuendesha. Miaka miwili sasa anaosha mabasi huko Nagoya, tangu baba alipomfukuza gereji mbele ya watu: "Kaendeshe baiskeli wewe!"

Kila boliti ya difu ilikuwa na mstari wa njano. Katika gereji yao, anayekaza boliti huipiga alama ya rangi yake. Ya Chizuru ni buluu. Njano ni ya baba.

"Baba, hebu njoo uone."

Mzee aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akalowesha kitambaa kwa tina ya kuondolea rangi, akaanza kufuta boliti moja moja.

"Vyuma chakavu hivi, mwanangu. Katupe."

"Na kaka je?"

"Kaka yako mzembe tangu utotoni."

Boliti zilikuwa kumi. Mzee alipofika ya tisa, Chizuru aliiwahi ya kumi, akaifumbata kiganjani.